Fyuzi Haiungui Bure

Mama alishuka kwenye bajaji na TV bapa ya inchi 32 aliyoifunga kwa kanga mbili. Baada ya shikamoo na marahaba akailaza mezani pangu. "Mwanangu, haiwaki." Nikamuuliza ilizimaje. "Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Uliporudi mara ya tatu ikalia pa! Tangu hapo kimya, hata kile kitaa chekundu sikioni."

Bisibisi ilikuwa bado mfukoni, na tayari nilikuwa na nusu ya jibu.

Ndiyo maana nakusihi uulize kabla ya kufungua, na kama chombo ni chako, jiulize mwenyewe. Chombo kilicholia na kunyamaza papo hapo karibu kila mara kina shoti upande wa umeme mkubwa. Chombo kilichoanza kuchelewa, leo kinawaka baada ya dakika moja, wiki ijayo baada ya tano, hatimaye kikagoma, kina kapasita zilizokauka. Na kile kinachotoa tik, tik, tik, au kitaa chake kinapepesa bila kutulia, pawa sapulai yake haijafa bado: inajaribu kuwaka, inashindwa, inajaribu tena. Kila ugonjwa kati ya hayo matatu una mahali pake pa kuanzia. Asiyeuliza huanza kwa kuchomeka fyuzi mpya, na hasara yake huanzia hapo hapo.

Ninamwandikia mtu anayejua kushika kichomeo cha solda na kusoma mita. Kama hujawahi, jifunzie kwanza kwenye redio ya betri. Ninachokieleza hapa kina umeme wa kuua.

Umeme unapita wapi

Nyanyua sabufa ya zamani kwa mkono mmoja na king'amuzi kwa mkono wa pili. Sabufa ni nzito kwa sababu ndani yake kuna transfoma ya chuma inayopokea umeme wa soketi kama ulivyo, mizunguko 50 kwa sekunde. King'amuzi, deki ya DVD na TV zote bapa hazina chuma hicho. Zenyewe huugeuza kwanza umeme wa soketi kuwa DC, kisha huukatakata mara elfu sitini na zaidi kwa sekunde, na kwa kasi hiyo transfoma ndogo inayokaa kiganjani inatosha. Kama chombo chako ni kizito na transfoma yake ni ya chuma, haya yote hayakihusu.

Bodi ikiwa imechomolewa kila mahali, fuata njia kwa kidole. Umeme unaingia kwenye fyuzi, unapita themista (kidude cheusi au cha kijani, bapa na mviringo, kinachopunguza kishindo cha kuwasha), unapita koili ya kuchuja kelele, unafika kwenye briji, yaani dayodi nne zilizo pamoja au zilizotawanyika, na unatua kwenye kapasita kubwa kuliko zote, ile iliyoandikwa 400V au 450V. Hapo volti 230 za soketi zimeshakuwa kama 325. Mita ya AC haionyeshi kilele cha wimbi, lakini kapasita hujaa hadi kileleni, kwa hiyo zidisha 230 kwa 1.414. Kenya, ambako umeme wa nyumbani ni volti 240, utapata karibu 340. TV kubwa nyingi zina hatua ya ziada inayozipandisha hadi kati ya 380 na 400. Ukizikuta huko usishtuke.

Kutoka kwenye kapasita hiyo umeme unapita transfoma, kisha mosfeti, inayofunguka na kufunga kwa amri ya IC ndogo, mara nyingi yenye miguu minane. Chini ya mosfeti kuna rezista nene ya omu pungufu ya moja, ambayo IC huitumia kupima mkondo. Kwenye ving'amuzi vingi na deki, mosfeti imefichwa ndani ya IC yenyewe; VIPer22A ni mojawapo. Huo wote ni upande wa moto.

Ng'ambo ya transfoma ni upande wa baridi: dayodi za Schottky, kapasita za mikrofaradi 470 au 1000, na waya zinazopeleka volti 5, 12 au 24 kwenye bodi kuu. Geuza bodi uone mpaka kati ya pande hizo mbili: ni utepe usio na shaba hata kidogo. Kwa kawaida vinauvuka vitu vitatu tu, transfoma, optokapla yenye miguu minne (PC817 ndiyo utakayoikuta zaidi) na kapasita ndogo ya bluu iliyoandikwa Y. Uujue mpaka huo kama unavyoujua mlango wa kwako. Upande mmoja unaweza kukuua, na upande wa pili mtu anashika spika na waya za antena bila wasiwasi.

Kapasita kubwa ipunguze kwanza

Kuchomoa waya hakuiondolei kapasita kubwa umeme wake. Pawa sapulai nzima inayofanya kazi huimaliza chaji hiyo kwa sekunde chache, ila pawa sapulai iliyokufa haina kitu cha kuila. Kwa hiyo chombo kibovu ni cha hatari kuliko kizima. Nimewahi kupima kapasita ya TV iliyochomolewa asubuhi, nikaikuta jioni ina zaidi ya volti mia mbili.

Nilipokuwa najifunza kazi, mwenzangu alikuwa na mtindo wa kuunganisha miguu ya kapasita kwa ncha ya bisibisi. Siku moja ililia kama baruti. Ncha ya bisibisi ilibaki na pengo kama limeng'atwa, na shaba ya bodi chini ya mguu mmoja ilinyanyuka ikakatika. Alikuja na tatizo moja akapata mawili, na cheche ilipita karibu na jicho lake.

Tengeneza kifaa hiki, utakitumia maisha yako yote. Chukua rezista ya kilo-omu 2.2 yenye uwezo wa wati 5, ile nyeupe ya kauri. Unga waya mbili zenye ganda zuri, uzifunge tepu hadi kwenye ncha, halafu gusa miguu miwili ya kapasita kwa sekunde tano. Kwa kapasita ya mikrofaradi 100, sekunde moja na ushee inatosha. Hizo nyingine ni za usalama. Kisha weka mita kwenye DC, kipimo cha volti 600 au zaidi, na upime. Ikisoma chini ya volti 10, endelea. Rudia kila unapochomoa waya, hata kama umeiwasha kwa nusu dakika.

Ukipima chombo chenye umeme, mkono mmoja ukae mfukoni au nyuma ya mgongo. Pete na saa ya chuma vua. Vaa viatu vikavu, na usifanye kazi hii ukiwa peke yako nyumbani usiku. Watoto na paka watoke chumbani.

Macho na pua kabla ya mita

Jaribu soketi kwa taa ya mezani, na jaribu waya wa umeme kwa mita, kwa sababu waya za ving'amuzi hukatikia ndani karibu na plagi. Hiyo ni dakika moja.

Baada ya hapo fungua, punguza kapasita, na uangalie kwa tochi kutoka pembeni. Kapasita nzima ina kichwa bapa kabisa. Iliyovimba hata kidogo, au iliyotoa ute wa kahawia miguuni, imekwisha. Tafuta pia bodi iliyoungua rangi ya chai ya rangi chini ya rezista. Huku pwani, Dar, Mombasa, Unguja, geuza bodi uangalie kutu ya kijani na pete nyembamba nyeusi kuzunguka miguu ya transfoma na ya kapasita kubwa: solda imepasuka, na kuichoma upya pengine ndiyo dawa yote. Mjusi nimemkuta zaidi ya mara moja, amekauka akiwa ameunganisha miguu miwili ya umeme mkubwa. Msafishe kwa spiriti hadi bodi ing'ae, kwa sababu masizi anayoyaacha hupitisha umeme.

Harufu nayo husema. Varista (kidude kinachojitoa kafara volti za soketi zikizidi) iliyopasuka ina harufu kali ya kuungua na huacha vumbi jeusi juu ya vipuri vya jirani. Kapasita iliyovuja inanuka kama samaki.

Fyuzi ni shahidi

Itoe fyuzi uiangalie kwenye mwanga. Kama kioo kimekuwa cheusi au kimepakwa rangi ya fedha kwa ndani, waya wake ulilipuka: kuna shoti kamili, pengine briji, mosfeti au varista. Kama kioo ni safi na waya umekatika katikati tu, ilizidiwa kidogo kidogo au imechoka. Ya mama ilikuwa nyeusi tii.

Naomba unisikilize hapa kuliko mahali pengine popote. Fyuzi nyeusi haihitaji fyuzi mpya, inahitaji mtu wa kutafuta kilichoiunguza. Na waya wa shaba au karatasi ya sigara badala ya fyuzi sitaki hata kuviona. Fyuzi ya ampea 3.15 ikizungushiwa waya, kitakachokatika safari ijayo ni njia za shaba za bodi, au waya wa ukutani, na nyumba yenye watoto waliolala haipaswi kutegemea hilo. Ukija kuweka mpya, fuata maandishi yote: T maana yake inavumilia kishindo cha kuwasha, 3.15A ni mkondo, 250V ni volti. Ya kauri irudishwe ya kauri, kwa kuwa ya kioo inaweza kushindwa kuukata mkondo mkubwa wa shoti.

Kupima bila umeme

Weka mita kwenye alama ya dayodi. Anza na briji: kila dayodi isome kati ya 0.4 na 0.7 upande mmoja, na OL upande mwingine. Ikisoma sifuri pande zote, imekufa kwa shoti. Kisha mosfeti, mguu wa kati na wa kulia ukiwa unaitazama usoni, yaani dreni na sosi. Upande mmoja utasoma kama 0.5, upande mwingine namba zitapanda taratibu hadi OL wakati kapasita kubwa ikijazwa na betri ya mita. Sifuri mbele na nyuma ni shoti. Itoe kwenye bodi upime tena kabla ya kuihukumu.

Varista iliyoandikwa 471 haitakiwi kusoma chochote. Tarakimu hizo maana yake ni 47 na sifuri moja, volti 470, na hufaa kwa umeme wa soketi hadi volti 300. Hii ndiyo hufa nyutro ya mtaa inapokatika: nyumba zilizogawana fezi tatu hupata umeme unaoweza kupanda kuelekea volti 400, varista hujitoa kafara, fyuzi inakatika, na mara nyingi kila kitu nyuma yake kimesalimika. Ukikuta varista imepasuka na vingine vyote ni vizima, umepata bahati. Badilisha varista na fyuzi. Kuna mafundi wanaoikata na kuiacha bila, kwa kuwa TV "inawaka tu". Itawaka, hadi nyutro ikatike tena.

Rezista ya chini ya mosfeti ipimwe kwa uangalifu. Rangi za njano, zambarau na fedha maana yake ni omu 0.47. Gusanisha kwanza ncha za mita uone zenyewe zinasoma ngapi, pengine 0.2 au 0.3, uzitoe kwenye hesabu. Ikisoma OL, imekatika, na hapo ujue mosfeti ilikufa kwa shoti na ikaondoka na wenzake.

Jambo hilo nililijifunza kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza nilikuta mosfeti yenye shoti, nikaibadilisha pamoja na fyuzi, nikawasha. Ililipuka kabla sijaondoa kidole kwenye swichi. Nikanunua nyingine, ikalipuka nayo. Kumbe mosfeti inapopata shoti, volti 325 hupita kwenye mguu wake wa geti zikaingia hadi kwenye IC. IC ilikuwa imekufa, na rezista ya geti ya omu 22 ilikuwa imekatika. Mosfeti mpya iliwekwa mahali pasipo na mtu wa kuifunga. Tangu siku hiyo vipuri hivi navibadilisha kwa mkupuo mmoja: mosfeti, rezista ya geti, rezista ya kupima mkondo, IC, na dayodi yoyote ya briji iliyokufa. Fyuzi ndiyo ya mwisho. Kwa TV ya mama vyote hivyo vilikuwa vimekwenda, pamoja na dayodi mbili za briji.

Taa ya majaribio

Usiwashe kazi hiyo moja kwa moja kwenye soketi. Chukua balbu ya zamani ya waya, wati 60 kwa king'amuzi au wati 100 kwa TV, uifunge kwenye holda, halafu iunganishe ili umeme wa fezi upite kwenye balbu kwanza ndipo uingie kwenye chombo. Balbu ya LED haifai kabisa kwa kazi hii. Balbu za waya zimeadimika madukani, kwa hiyo ukiiona popote nunua mbili.

Sasa washa na uitazame balbu, usiitazame TV. Ikiwaka kwa nguvu mara moja kisha ikafifia au ikazima, kapasita kubwa imejaa na hakuna shoti. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti bado ipo, na balbu imekuokolea vipuri vipya: zima, punguza kapasita, rudi kwenye mita. Ikiwa inawaka na kufifia kwa kupokezana, chombo kinajaribu kuanza na hakifiki, au balbu ni ndogo mno kwa mzigo wake. Ndani ya sekunde tano unajua uko wapi.

Kupima kukiwa na umeme

Kipimo kimoja kinaigawa kazi yote. Weka mita DC, ncha nyeusi kwenye mguu hasi wa kapasita kubwa, nyekundu kwenye chanya. Kama ni sifuri, ubovu uko nyuma: fyuzi, themista, koili, briji. Kama ni 325 au karibu, nyuma ni kuzima na ubovu uko mbele. Kama ni 150 na inayumba huku balbu ikiwaka, kuna kitu kinanyonya.

Ncha nyeusi ibaki hapo hapo kwa vipimo vyote vya upande wa moto. Wengi huishika kwenye bati la chombo au kwenye hasi ya upande wa baridi, wakapata namba zisizo na maana, wakaihukumu IC nzima kuwa mbovu. Upande wa moto una hasi yake na upande wa baridi una yake.

Tuseme 325 ipo na hakuna kinachotoka ng'ambo. Soma namba ya IC, tafuta karatasi ya data yake, ujue mguu unaoilisha. Kwa UC3842 ni mguu wa 7, na hasi ni wa 5. IC hiyo huamka volti zikifika 16 na hulala zikishuka hadi 10. Ukikuta sifuri kwenye mguu wa 7, rezista za kuanzishia zimekatika. Ni rezista za thamani kubwa, laki kadhaa za omu, zinazotoka chanya ya kapasita kubwa. Hubeba volti nyingi miaka mingi na hukatika bila kubadilika rangi wala kutoa alama. Ukikuta volti zinapanda na kushuka kati ya 10 na 16, hiyo ndiyo tik, tik unayoisikia.

Hapa angalia kapasita ndogo iliyo jirani na mguu huo, mikrofaradi 22 au 47 kwa volti 50. Haivimbi. Haivuji. Ni nyembamba kama kalamu na imekaa ubavuni mwa kipoza joto, ikipikwa kila siku. Inakauka taratibu, na siku zinavyokwenda IC inazidi kukosa akiba ya kuanzia. Chombo kinachochelewa kuwaka asubuhi na kuwaka haraka kikishapata moto, tatizo lake mara nyingi ni hii. Ukitaka uhakika, ipulizie joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, huku chombo kimechomolewa, kisha washa. Kikiwaka papo hapo, umeikamata. Mita ya kawaida inaweza kuionyesha ina mikrofaradi zake zote, maana kilichoharibika ni ukinzani wake wa ndani. Kwa bei yake, sipotezi muda kuibishania. Naibadilisha kila ninapofungua pawa sapulai iliyozidi miaka mitano.

Kama kapasita hiyo ni mpya na tik, tik inaendelea, mzigo ndio mzito. Zima, punguza, kisha pima dayodi za Schottky za upande wa baridi. Hizi husoma kidogo, 0.15 hadi 0.3, usidhani ni shoti. Shoti ni sifuri pande zote mbili. Zikiwa nzima, chomoa waya unaokwenda bodi kuu na uwashe. Tik, tik ikiisha na volti zikatulia, pawa sapulai haina kosa: bodi kuu ndiyo yenye shoti, na hiyo ni kazi nyingine. Kwa TV kumbuka kuwa bila bodi kuu mara nyingi utapata volti 5 za kusubiri tu. Zile 12 na 24 husubiri amri kwenye waya ulioandikwa PS-ON. Uguse kwenye ile 5 kupitia rezista ya kilo-omu 1, uone kama zitatokea.

Na volti zikizidi, mfano 12 ikisoma 17, zima haraka kabla bodi kuu haijaungua. Anayetoa taarifa kwa IC amenyamaza: angalia optokapla, TL431 na rezista mbili zinazoigawia volti. TL431 ikiwa nzima na pawa sapulai ikifanya kazi sawasawa, mguu wake wa rejeo husoma volti 2.5.

Vipuri

Kariakoo kwa Dar, Luthuli Avenue kwa Nairobi, utapata kila nilichokitaja. Utapata pia vilivyoghushiwa. Kapasita ya mikrofaradi 1000 iliyo nyepesi kuliko ile mbovu uliyoitoa inaweza kuwa na nyingine ndogo ndani ya ganda kubwa. Nenda na mbovu yako mfukoni, uzipime kwa mkono, na kama muuzaji ana mita mwombe apime mbele yako. Chukua iliyoandikwa 105°C, yenye volti sawa au zaidi ya ya zamani, na ya aina ya ukinzani mdogo kwa upande wa baridi.

Nyuzi hizo zina maana yake. Kapasita ya saa 2,000 kwa nyuzi 105 huongeza maisha mara mbili kwa kila nyuzi 10 unazoishushia. Ikikaa kwenye nyuzi 85 itafika saa 8,000, ambazo kwa matumizi ya saa sita kwa siku ni miaka mitatu na nusu na kidogo. Ikikaa kwenye 65 itafika 32,000, zaidi ya miaka kumi na minne. Tofauti hiyo ya nyuzi 20 ni kitambaa kilichofumwa kwa mkono na kutandikwa juu ya king'amuzi, kikaziba matundu yote. Vitambaa hivyo ni vizuri, mama zetu wanavifuma kwa upendo. Vitandikwe kwenye meza.

Dayodi ya upande wa baridi irudishwe Schottky. Ukiweka 1N4007 itaungua, kwa kuwa imetengenezwa kwa mizunguko 50, haiwezi mizunguko elfu sitini. Na kapasita ya bluu ya mpakani irudishwe ya Y, isiwe ya kauri ya kawaida hata kama namba zinafanana. Ile ya Y imetengenezwa ili isipate shoti. Ya kawaida ikipata, umeme wa soketi utasimama kwenye bati la chombo na kwenye waya wa antena, ukimngoja wa kwanza kuugusa.

Baada ya kuwaka

TV ya mama iliwaka jioni, kwanza kupitia balbu, kisha soketini. Sikuifunga. Niliiacha saa tatu na mfuniko pembeni, nikawa napima 12 na 5 kila baada ya muda, kisha nikaichomoa, nikapunguza kapasita, nikagusa kipoza joto cha mosfeti kwa nyuma ya kidole: vuguvugu, siyo cha kuunguza. Asubuhi niliiwasha ikiwa ya baridi kabisa, kwa sababu kapasita dhaifu hujificha kwenye chombo chenye moto. Mama alipokuja nilimshauri anunue gadi, ile inayosubiri dakika chache umeme ukirudi ndipo iruhusu. Kilichoiua TV yake ni kile kurudi na kukatika kwa kufuatana.

Kabla ya skrubu za mwisho, chukua kalamu ya wino usiofutika uandike ndani ya mfuniko: tarehe, na kila kipuri ulichobadilisha pamoja na namba yake. Ndani ya ule wa mama nimeandika mosfeti, IC, briji, rezista mbili, kapasita ya 47/50, fyuzi T3.15A. Atakayeifungua baada yangu ataanza na hiyo karatasi yangu ya plastiki kabla hajagusa mita.